Bao la Mpiga Chapa

Katika ofisi ya ushirika wa asali na nta mjini Tabora, watu wazima wenye macho mazima walikuwa wamekubaliana, bila kikao, kutouona mkono wa kulia wa Anton Mahona. Mkono wenyewe ulikuwa ukitetemeka. Ulitetemeka ukishika kikombe, ukatetemeka ukingoja juu ya meza, na ulitetemeka zaidi ukiwa umepumzika mapajani bila kazi yoyote. Hapo ndipo wenzake walipogundua kwa pamoja kwamba kalenda ya ukutani ina mambo mengi ya kusoma. Aliyegawa chai alimjazia kikombe nusu, akasingizia uhaba wa sukari. Hiyo ndiyo adabu ya Tabora. Mtu wa hapa akikukuta umetumbukia mtaroni atakuamkia, atakuulizia watoto na hali ya nyumbani, kisha ataagana nawe vizuri bila kuutaja mtaro.

Mahona alikuwa mpiga chapa wa ushirika tangu kabla ya Uhuru. Vidole vyote kumi vilijua kazi, na macho yake yalikuwa huru kumtazama mtu anayesema naye. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kazi iliongezeka maradufu. Watu walikuwa wamehamia makazi mapya, na kila kijiji kilitaka mizinga, mapipa ya asali na ruhusa ya kuingia msituni. Wazee walikuja kutoka Ipole na Usinge na maneno yao mdomoni, wakaanza na ukame wa zamani, wakapitia kifo cha shemeji, wakaishia wanakotaka. Mahona alisikiliza yote, taipureta ikilia, na mwisho mzee akakabidhiwa ukurasa mmoja safi uliosema alichotaka kusema. Wengine walisomewa barua yao mara mbili kwa raha tu ya kuisikia.

Aliipenda mashine ile, na hakuna sababu ya kuzunguka kulisema hilo. Mkewe, Apolinaria, alikuwa akiwaambia majirani zao wa Ipuli kwamba asingekuwa mke wa ndoa ya kanisa, angedhani ameletewa mke mwenza wa chuma.

Ugonjwa ulianza kwa mwandiko. Sahihi yake, iliyokuwa ikijitanua kwenye karatasi kama bwana mkubwa kwenye kiti, ilianza kujikunyata, ikawa ndogo, ikawa kama sisimizi wanne kwenye foleni. Kisha uso ukakakamaa, hata akifurahi hausemi, watu wakadhani amenuna. Mwisho mkono. Apolinaria alimburuta hospitali, na daktari akamweleza kwa upole kuwa unaitwa ugonjwa wa Parkinson, kwa jina la daktari Mwingereza aliyeandika habari zake zamani. Akasema hauambukizi, tena hauna haraka, ila haurudi ulikotoka. Alimpa vidonge vya kupunguza ule ukakamavu. Mahona akauliza kama ataendelea kupiga chapa. Daktari akatazama kalenda yake.

Basi akaendelea kwa kujikaza. Kidole kilipogusa herufi kilitetemeka juu yake, herufi ikatoka mara mbili au ikamvuta jirani yake. Alifuta, akarudia, akatupa karatasi, akabaki ofisini wenzake wakishaondoka. Hadi ikaja barua ya Usinge. Ushirika ulikuwa umekubali kuwapa watu wa Usinge mizinga mia tatu, na Mahona akaipiga barua hiyo kwa tarakimu. Kidole kikafika kwenye sifuri, kikatetemeka, na sifuri moja ikazidi. Meneja akatia sahihi bila kuhesabu, kwa kuwa barua za Mahona hazikuwa na haja ya kuhesabiwa.

Usinge walipokea ahadi ya mizinga elfu tatu. Sasa Usinge ni watu wa vitendo. Hawakukaa kujiuliza. Waliitisha mkutano, wakafyeka, wakachonga nguzo, wakachagua kamati ya mizinga na kamati ya kuiangalia hiyo kamati, kisha wakapanda lori kuja Tabora kutoa shukrani. Waliingia uani kwa ofisi na ngoma. Wimbo waliokuwa wameutunga ulimtaja meneja kwa jina.

Meneja huyo, Modest, alikuwa kijana aliyetoka chuoni na adabu zake zote. Aliupokea wimbo akitoka jasho, akawaketisha wageni, akawaeleza. Ngoma ilirudi kwenye lori kimya kimya. Mahona aliyaona yote dirishani na akatamani ardhi ifunguke. Alingoja aitwe agombezwe, na angegombezwa angepona. Modest hakumgombeza. Alimwita baada ya siku mbili tatu, akamsifu kwa utumishi wake wa muda mrefu, akamwambia wakubwa wameona anastahili kupandishwa cheo awe mtunza stoo kule Ipole, ambako hewa ni nzuri na kazi ni ya utulivu. Aende mwisho wa mwezi. Mpiga chapa mwingine atatafutwa. Katika maneno yote hayo hapakuwa na mkono, wala sifuri, wala Usinge.

Mahona akashukuru. Angefanya nini? Mtu akikuondoa kwa heshima namna ile, kupinga ni utovu wa adabu. Nyumbani hakula. Alimwambia Apolinaria kwamba amepandishwa cheo, na Apolinaria, aliyemjua kuliko kanisa lilivyomjua, akaenda jikoni kulia.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na ofisi, palikuwa na duka la Fakhrudin, fundi wa cherehani na taipureta, na kwenye baraza ya duka hilo Mwamvita aliuza kahawa na vitumbua. Mwamvita alikuwa Mzaramo, aliyeletwa Tabora na mumewe Kibwana, seremala wa karakana ya reli. Na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani. Mababu wa Mahona walikuwa wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na huko mbele walipita katika nchi ya mababu wa Mwamvita. Wakapigana, wakaibiana kuku, wakauguzana, wakazikana, hata mwisho wakachoka na ugomvi wakaugeuza utani. Kwa hiyo mjukuu wa huku anamtukana mjukuu wa kule mchana kweupe, anamnyang'anya kofia, anamdai fidia, na sheria ni moja: anayekasirika ndiye aliyeshindwa, na ndiye mlipaji.

Jioni moja ya wiki ile Mahona alikuwa barazani akicheza bao na Fakhrudin, kama kawaida yao. Fakhrudin alicheza polepole huku akipuliza vumbi kwenye cherehani ya mtu. Mahona alikuwa ameweka mkono mfukoni hadi zamu yake ifike. Mwamvita akamtilia kahawa, akajaza kikombe hadi ukingoni, akakiweka mbele yake.

"Mtani," akasema, "toa huo mkono mfukoni. Unachezesha suruali hadi watu wanadhani umefuga panya."

Fakhrudin aliacha kupuliza. Mahona akahisi damu ikimpanda usoni. Halafu likatokea jambo ambalo hakulitarajia. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtikisa mabega, na ule uso uliokakamaa ukapasuka vipande. Alicheka hadi akashika nguzo. Akautoa mkono, akauweka mezani mbele ya watu wote, ukatetemeka ulivyotaka, kahawa ikamwagika kwenye sahani, na hakuna aliyetafuta kalenda.

Mwamvita hakuishia hapo. Alimwambia kwamba na huo uso wake siku hizi ni picha ya kitambulisho, mtu hajui kama amesalimiwa au ametishwa. Mahona akamjibu kwamba heri uso wa kitambulisho kuliko vitumbua vya Kizaramo, ambavyo reli ingevitumia kufungia mataruma. Walikwenda hivyo raundi mbili tatu, na katikati ya matusi Mahona akajikuta ameyasema yote: jina la ugonjwa, daktari, sifuri, Ipole. Aliyasema kwa sauti ya utani, lakini alipofika kwenye taipureta sauti ilikatika.

"Naondolewa kwenye mashine yangu, mtani," akasema. "Hiyo ndiyo inayoniuma. Si mkono."

Mwamvita alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akasingizia moshi, ingawa jiko lilikuwa upande wa pili. Akaacha kutukana, jambo lililomshangaza Fakhrudin kuliko yote ya jioni ile. Alikuwa akiutazama mkono wa Mahona ukicheza bao. Ulichota kete ukitetemeka. Kisha ukingo wa kiganja ukalala juu ya ubao, ukatulia kiasi, kidole kikafunguka, kete ikatumbukia shimoni. Shimo la pili, la tatu, la nne. Mkono uliyumba, lakini kete haikuwa na pa kwenda isipokuwa shimoni. Mwamvita akauliza, kwa sauti ya mtu anayewaza mambo ya vitumbua, kama katika michezo yao yote Mahona aliwahi kuangusha kete nje ya shimo. Fakhrudin akasema kama Mahona angewahi, yeye Fakhrudin angeshinda angalau mara moja. Mwamvita akacheka peke yake, akafunga jiko mapema, akaenda kwa mumewe.

Siku chache baadaye Mahona aliingia ofisini asubuhi akakuta watu wamesimama kuizunguka meza yake. Juu ya taipureta palikuwa na ubao mpya wa mninga, wenye safu nne za matundu yaliyotoboka kutoka juu hadi chini, na ubao ule ulikuwa umefungwa kwenye mashine kwa kamba ya katani kama mbuzi wa mnada. Pembeni amesimama Mwamvita, mikono kiunoni. Alitangaza kwamba taipureta imetekwa na Wazaramo. Kwa kuwa Mnyamwezi huyu, badala ya kupiga chapa, siku hizi anapanda sifuri ovyo hadi Usinge, ameletewa bao acheze vizuri. Fidia ya kuifungua ni jogoo.

Karani mmoja alishika kichwa. Modest alitoka chumbani kwake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akapandisha sauti, akasema hiyo ni mali ya ushirika na tena ni dharau kwa mzee. Alikuwa mtu wa Bukoba, hakujua mambo ya njia ya misafara. Mahona akamzuia kwa kiganja. Hasira alikuwa nayo, tena ya kutosha, maana mtani ameleta ofisini yale yaliyosemwa barazani. Lakini angekasirika angeshindwa, mbele ya mashahidi wote hao. Njia ilikuwa moja tu. Akavuta kiti, akapachika karatasi, akasema kama ni bao, basi atalicheza, na jogoo watampata wakimfuga wenyewe.

Akalaza kiganja juu ya ubao, akatumbukiza kidole.

Safu tatu zilikuwa za bure. Kibwana alikuwa ametoboa matundu kwa mstari ulionyooka, bao la kweli kabisa, wakati vitufe vya taipureta vimepangwa kwa kupishana safu kwa safu. Kidole kiligonga mbao. Safu moja tu, ya pili kutoka chini, ndiyo iliyokutana na vitufe vyake, na kwa herufi hizo chache Mahona akapiga alichoweza kupiga: kaka. Dada. Haha. Ofisi nzima ikavunjika mbavu, Mwamvita akapiga kigelegele cha ushindi.

Mahona alikuwa ameacha kucheka. Aliinamia karatasi, akaisoma tena. Herufi zote zilitoka mara moja moja. Hakuna iliyojirudia, hakuna iliyomvuta jirani. Alirudisha kidole shimoni akaona jinsi ukingo wa shimo unavyokishika, mtetemo ukibaki juu kwenye ubao, kitufe kikipokea mguso mmoja.

"Jogoo utapata, mtani," akasema polepole. "Kamba fungua. Ubao niachie."

Zilizofuata zilikuwa jioni za kazi kwenye baraza ya Fakhrudin, pamoja na taipureta moja kuukuu, ya aina ile ile ya ofisini, ambayo mwenyewe hakuifuata tena. Kupata mahali pa kila tundu kulikuwa na taabu hadi Mahona alipokumbuka anafanya kazi wapi. Alileta bonge la nta. Wakalilainisha kwa moto wa jiko la Mwamvita, wakalitandaza bapa, wakalibonyeza juu ya vitufe. Lilipoinuliwa, kila kitufe kilikuwa kimeacha alama yake, na Kibwana akatoboa kwa kufuata alama hizo. Ubao wa kwanza ulikuwa mnene, kidole hakikufika chini. Wa pili ulikuwa mwembamba mno, ukapasuka. Wa tatu Fakhrudin aliufungia miguu ya bati ili usimame juu ya vitufe bila kuvigusa, akalainisha matundu kwa msasa, akamtaka Mahona apige jina lake. Lilitoka jina lake, wala si la mtu mwenye kigugumizi.

Nisiseme kwamba yote yalikuwa shangwe. Mtu aliyezoea vidole kumi sasa alikuwa na viwili, vikitafuta tundu hadi tundu, tak, kimya, tak. Jioni ya kwanza ya ubao ule Mahona aliona aibu. Alisikia alivyokuwa zamani na anavyosikika sasa. Akamwambia Fakhrudin kwamba hata kuku anadonoa upesi kuliko hivi. Fakhrudin akamjibu kwamba barua ya Usinge iliyoharibika ilipigwa upesi sana. Mahona akainama, akaendelea.

Wiki ya mwisho ya mwezi ilipofika, mpiga chapa mpya alikuwa bado hajapatikana, na Usinge walikuwa bado hawajapata barua ya masahihisho. Waliitaka kwa maandishi, yenye muhuri, ili wawaonyeshe wanakijiji kwamba kamati haikula mizinga. Modest alisimama katikati ya ofisi akiuliza nani anaweza kuipiga japo kwa kubahatisha, lori linaondoka mchana. Kila mtu alitazama anapojua. Mahona akapiga moyo konde, akasimama.

"Ndugu Meneja, mkono wangu unatetemeka," akasema.

Modest alifungua mdomo, akasema kwa adabu kwamba hakuwa ameliona hilo.

"Umeliona, mwanangu. Wote mmeliona, na nawashukuru kwa heshima yenu, lakini imenichosha. Unatetemeka, na utaendelea kutetemeka. Sasa nipe barua ya Usinge."

Alitoa ubao kwenye kifurushi cha magazeti, akausimamisha juu ya mashine kwa miguu yake ya bati, akalaza kiganja. Hakuna aliyerudi mezani kwake. Waliuzunguka mkono ule na kuutazama kwa mara ya kwanza bila kujificha. Tak. Kimya. Tak. Karani mmoja alitaka kumsaidia kutafuta herufi, wenzake wakamvuta shati. Ilichukua muda wa kutosha chai kupoa, na ikapoa bila mtu kuikumbuka. Ilipofika kwenye tarakimu, Mahona akavuta pumzi. Tatu. Sifuri. Kidole kikatoka shimoni, kikaning'inia hewani kikitikisika, kikarudi. Sifuri.

Modest aliipeleka karatasi dirishani kwenye mwanga. Aliisoma yote, akarudi kwenye tarakimu, akahesabu sifuri kwa ncha ya kalamu. Zilikuwa mbili. Akasoma tena tangu juu, kama wale wazee wa Ipole waliopenda kusikia barua yao mara ya pili. Alipogeuka macho yake yalikuwa mekundu, na hakusingizia vumbi. Akasema kazi ya barua ipo ya kutosha watu wawili hata hivyo, na huyo mpya akipatikana atahitaji wa kumfundisha. Akatia sahihi, muhuri ukagongwa, mtu akatimua mbio na barua kuliwahi lori.

Kisha Modest akavuta kiti akaketi ng'ambo ya meza ya Mahona, jambo ambalo meneja hakuwahi kulifanya, akajikuna kichwa.

"Sasa Ipole nitampeleka nani, Mzee?"

Mahona akasema nafasi ikiwa wazi hutangazwa, na tangazo hupigwa chapa. Akapachika karatasi nyingine. Modest akaanza kumtamkia, polepole, akingoja kila tak: anatakiwa mtunza stoo, Ipole. Awe mwaminifu. Awe anajua kusoma na kuandika. Awe na mikono...

Akanyamaza ghafla. Masikio yalimwiva, na ofisi nzima ikaganda pamoja naye. Mahona hakuinua kichwa. Kidole kilitafuta tundu lake, kikalipata, kikatumbukia, na uso wake ule mgumu ulikuwa ukicheka kila upande.

"Imara," akasema. "Endelea, Ndugu Meneja. Hiyo nimeshaipiga."